UZI: Watu wa Goma si wajinga wa sayansi, wanachoka kupewa jibu bila kuonyeshwa njia

SVT_Ndosho
Wapendwa habari za jioni, niko na jambo moja naomba tuliongee bila matusi.

Kila Nyiragongo, volkano yetu hapa Goma, ikikohoa kidogo, kila ugonjwa ukiingia, inatoka karatasi ya Kifaransa kizito, inasomwa redioni, kisha mji unagawanyika, nusu wanafunga mizigo nusu wanacheka. Halafu wakubwa wanaanza kulalamika eti population haijasoma. Mimi nafundisha biolojia na kemia, niko na wanafunzi na wazazi kila siku, na huo ujinga wanaousema sijauona. Nachoona ni watu wanaopewa jibu la mwisho bila kuambiwa limepatikanaje, na mtu wa Goma ukimpa jibu tupu swali lake la kwanza ni nani amekulipa.

Chukueni 2021. Jumamosi tarehe 22 Mei lava inatoka jioni, inashuka mpaka Buhene, inasimama karibu kabisa na uwanja wa ndege, watu wakasema asante Mungu imekwisha. Kumbe matetemeko ndiyo yanaanza, mchana na usiku nyumba inacheza, barabara zinapasuka, kisha Alhamisi tarehe 27 usiku wa manane gavana wa kijeshi anatangaza kartie (mitaa) 10 kati ya 18 zihame. Njia ya Sake ikajaa magodoro, wengine Gisenyi, wengine boti za Bukavu. Na sababu ilikuwepo, tena ya maana: magma, yaani mawe yaliyoyeyuka ambayo bado yako ndani ya ardhi, ilikuwa imetambaa kwa upande mpaka chini ya mji wenyewe na chini ya ziwa. Gavana aliisema, ndiyo, kwa sentensi moja, akapita. Hakuna aliyeonyeshwa kwamba mashine zilikuwa zinafuata matetemeko siku kwa siku yakihama kutoka kwenye mlima kuja kusini, kitu ambacho mtoto wa sekondari ukimpa ramani na kalamu anakiona mwenyewe kwa dakika tano.

Sasa mfano wa kinyume, mazuku, ile hewa isiyoonekana inayoua mashimoni na mabondeni. Himbi, Keshero, njia ya Lac Vert, kila mtu anajua mazuku inaua mbuzi, na kuna familia zimezika watoto. Ukiuliza ni nini, wengine watakuambia pepo, wengine sumu ya volkano, wengine upepo mubaya wa usiku. Wazazi wakija shuleni mimi sihubiri, nafanyaka hivi:

Beseni ya plastiki yenye kuta ndefu. Buji (mishumaa) tatu, moja unaikata iwe fupi kama kidole gumba, ya pili ya kati, ya tatu unaiacha nzima ila isipite ukingo wa beseni, unazisimamisha kwa nta yake yenyewe, unawasha zote. Kwenye kona unamwaga bikabonate ile ya mandazi, vijiko vitatu vinne. Hapo unasimama. Chupa ya vinegre (siki) iko mkononi lakini humwagi, unauliza kwanza: ipi itazima ya kwanza? Na usiharakishe, hapa ndipo kazi iko, waache wabishane, waache wabetie hata biskuti. Wengi wanasemaka ile ndefu, juu moshi unapanda. Kisha unamwaga vinegre polepole kwenye kona ile, povu linatoka, unangoja. Buji fupi inazima. Hakuna aliyepuliza, hakuna kitu unaona kwa macho. Kisha ya kati inazima. Ndefu inaendelea kuwaka, na kama umemwaga vya kutosha nayo inafuata.

Kisha mama mmoja aliyekaa nyuma akauliza: na kama ni harufu ya vinegre ndiyo imezima moto?

Bandugu, nilimpigia makofi. Tukarudia bila bikabonate, vinegre peke yake, buji zote zikabaki zinawaka. Yule mama hajaingia labo maisha yake yote lakini amefanya kile kile daktari wa utafiti anafanya, ametafuta sababu nyingine ambayo ingeweza kudanganya watu, akataka ijaribiwe peke yake. Baada ya hapo sikuwa na haja ya kueleza sana kwamba ni gazi kabonike (CO2), kwamba ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu hivi, kwamba inatoka ardhini na kulala kwenye mabonde na mashimo. Wenyewe wakaanza kusema: njo maana mbuzi anakufa na mwenye mbuzi amesimama pembeni mzima. Njo maana ni mtoto, njo maana ni yule aliyeinama. Njo maana asubuhi mapema kabla upepo haujaamka. Na baba mmoja akamaliza: basi ukiona mtu ameanguka shimoni usirukie kumtoa, utalala juu yake. Hiyo ya mwisho ndiyo inaokoa watu, na imetoka kwa mzazi, sikuisema mimi.

Naomba wengine walete ya kwao. Walimu, waganga, watu wa redio, hata wanaopinga.

Motari_Birere
Prof maneno ni mazuri lakini miye nakuuliza kitu moja tu. Hao wa volkano banajua siku italipuka ao habajui? Juu kama banajua na banaficha ni wauaji, na kama habajui banakula franga ya nini

SVT_Ndosho
@Motari_Birere swali zuri, nakujibu bila kuzunguka. Siku hawaijui. Hakuna mtu duniani anayejua siku. Mwaka 2021 ishara za wazi kwenye mashine zilikuja kama dakika 40 tu kabla lava haijatoka. Nyiragongo ni mlima wa namna yake, magma inakaa karibu sana na juu, kwenye kreta kulikuwa na ziwa la lava miaka mingi, kwa hiyo haina safari ndefu ya kupanda ambayo ingetikisa ardhi wiki nzima na kutupa muda. Ukuta wa mlima unapasuka, inamwagika. Na lava yake inatiririka kama maji, juu silika, ile madini inayofanya lava iwe nzito na ya kunata, ni kidogo. Mwaka 1977 ziwa la lava lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja, na kwenye mteremko wa juu kasi inakadiriwa kufika kilometa 60 kwa saa. Hiyo ni pikipiki yako ukiwa umeshika gia ya juu kwenye njia nzuri.

Franga yao ni ya kazi nyingine. Siku zile za Mei baada ya lava kusimama, bila vipimo vyao nani angejua kwamba magma iko chini ya miguu yetu?

Motari_Birere
Dakika 40 😳 mbona hawakusemaka hivyo

KatindoMzalendo
Sababu wakisema hivyo mji utakuwa wazimu. Samahani mwalimu lakini hapa sikubaliani na wewe hata kidogo. Wewe unafanya buji na wazazi thelathini wametulia kwenye darasa, mji mzima si darasa. Ukiwaambia watu "hatujui" wanaenda kwa nabii, yeye anajua mpaka saa. Sayansi iseme kwa nguvu, hameni, basi, maelezo baadaye.

YayaKeshero
Kaka KatindoMzalendo, mimi nilikuwa reko (mhamasishaji wa afya wa mtaani) wakati wa Ebola, hiyo "hameni basi maelezo baadaye" tuliifanya na tulilipa.

Naeleza kidogo. Ebola imeingia Goma Julai 2019 na pasta aliyetoka Butembo kwa basi, siku tatu baadaye OMS (shirika la afya duniani) ikatangaza dharura ya kimataifa. Watu wa riposti (timu za kupambana na ugonjwa) walikuja na magari, na chanjo, na orodha ya majina. Wanapita avenyi nzima wanaingia nyumba hii, wanaruka tatu, wanaingia ile. Sasa jirani anaona nini? Anaona fulani anachomwa sindano yeye hapana. Wengine walisema wanachagua wa kuua, wengine walisema wanachagua wa kuokoa, yaani kwenye avenyi moja uvumi mbili zinazopingana na zote mbili zinatukanisha sisi.

Hakuna aliyekuwa ametuambia hata sisi mareko kwa nini inafanyika hivyo. Siku nilipoelewa nilichukua kijiti nikachora chini kwenye vumbi. Huyu mgonjwa, doti. Hawa waliomgusa, walimlisha, walilala naye nyumba moja, nikachora duara. Hawa waliogusa hao, duara la pili. Nikasema, virusi haina mabawa, ili ikufikie wewe lazima ipite kwa hawa, tukiwachanja hawa wote imefungiwa ndani. Kisha nikasema ukweli mwingine, dozi hazitoshi mji mzima, na chanjo yenyewe inakaa kwenye baridi ya digrii 60 chini ya sifuri, ukiitoa unahesabu saa. Na haikulindi leo, inataka kama siku kumi, njo maana tunakimbia kuwafikia hawa kabla. Mzee mmoja akasema sasa kumbe nyumba yangu mmeiruka kwa sababu niko salama? Nikasema ndiyo baba. Akacheka. Yeye mwenyewe ndiye alikuja kuniambia kuna kijana wa duara la pili amejificha kwa shangazi.

Na kuhusu "hatujui": watu walikuwa wananiuliza vitu sivijui, nikawa najibu nitauliza kwa daktari kesho nitarudi, na kesho narudi kweli. Wale wenzangu waliojua kila kitu papo hapo ndio walifukuzwa na mawe.

Motari_Birere
Yaya lakini ile ya dawa. Kule Beni walitufanya panya, walijaribisha dawa nne kwa wagonjwa na kura. Hiyo usikatae

YayaKeshero
Sikatai, ni kweli, tena kwa kura. Ila uliza kura ya nini. Ilianza Novemba 2018, Beni, Butembo na kule karibu, na profesa wetu Muyembe alikuwa kati ya viongozi wake, yule yule aliyekuwa Yambuku mwaka 1976 Ebola ilipoonekana mara ya kwanza, akachukua damu ya mtawa mgonjwa ikatumwa Ubelgiji. Dawa zilikuwa nne na kila mgonjwa alipata moja, hakuna aliyepewa maji matupu. Kwa nini kura? Juu kama daktari anachagua mwenyewe, atampa aliye mahututi dawa anayoiamini, kisha akifa utasema dawa mbaya. Ama atawapa wenye nguvu, wakipona utasema dawa nzuri. Kura inafanya makundi yafanane, kinachobaki tofauti ni dawa tu. Ni lile swali la mama wa vinegre.

Agosti 2019 wakafungua hesabu kabla ya wakati, wakaona dawa mbili zinaacha nyuma nyingine. Kwenye hizo mbili nzuri walikufa kama 34 au 35 kwa mia, kwenye zile nyingine kama 50 na 53. Siku hiyo hiyo wakasimamisha zile mbaya, kila mgonjwa anayeingia akawa anapata nzuri. Na moja ya hizo nzuri, ile mAb114, mwanzo wake ni damu ya Mkongomani aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Sasa hiyo habari mtu angeisema vizuri Beni wakati ule, kwamba dawa imetoka kwenye mwili wa mwenzetu...

Lushois243
Bandugu ba Goma mbote. Miye niko Lubumbashi, huku hatuna volkano lakini tuko na poussière, bumbi ya mine (machimbo). Mwaka 2009 watafiti ba Universite yetu na ba Leuven ya Ubelgiji balitoa utafiti, balipima mukojo ya bantu benye kuishi karibu na mine na bisini (viwanda), kobalti ilikuwa mingi sana sana. Soma vizuri, iko kwa Kingereza. Muulize mama wa Kipushi mwenye kuuza mboga pembeni ya njia ya makamio, hajui kama jambo ile iliandikwa. Na mama ule njo anafaa kujua mbele ya professeur wa London, juu yeye njo anaosha sombe (majani ya muhogo) ao haoshi, anafagia nyumba kavu ao anamwangia maji kwanza ili bumbi isipande, anaacha mutoto kucheza kwa remblai (marundo ya udongo wa mine) ao anamukataza. Hakuna mutu atafunga mine leo sababu ya karatasi, lakini ile bumbi ya ndani ya nyumba mutu anaweza kuipunguza.

Shida ingine, mutafiti hapandishwi cheo sababu aliongea na bamama. Anapandishwa sababu ya article.

SVT_Ndosho
@Lushois243 hiyo ya mwisho ndiyo mzizi na hakuna buji ya kuitatua. Mtafiti kijana akienda redioni kueleza kwa Swahili wakubwa wake wanamwona anapoteza wakati, wengine wanasema anatafuta umaarufu.

IbandaFils
Niko Bukavu nasoma tu polepole. Sasa nielezeni ziwa, huku kila tetemeko watu wanaulizana kama Kivu italipuka. Prof mmoja kwenye odio ya WhatsApp alisema ziwa ni kama chupa ya Fanta, gazi iko ndani, ukitikisa inaruka. Tangu siku hiyo mke wangu hataki tulale karibu na maji.

SVT_Ndosho
Hiyo chupa!! Kaka umegusa pabaya. Kila mtu anaitumia na mimi nimeiondoa darasani, juu nusu yake ni kweli na nusu nyingine inatia watu hofu bure.

Nusu ya kweli: chini kabisa kwenye Kivu kuna gazi nyingi mno imeyeyuka kwenye maji, kabonike kilometa za ujazo 300 hivi na metane kama 60, na kinachoizuia ni presha ya maji yaliyo juu yake. Na si hadithi, ziwa dogo la Nyos kule Kameruni lilitoa gazi yake usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, watu zaidi ya 1,700 wakafa. Kabonike ile ile ya mazuku, inateremka mabondeni watu wamelala.

Nusu inayodanganya: chupa ina kizibo, ukikifungua presha yote inaondoka kwa mara moja, na kiwandani wameijaza mpaka ya mwisho. Kivu haina kizibo cha kufunguka. Maji ya chini yana chumvi nyingi na ni mazito, yamelala kwa tabaka, ya juu hayachanganyiki nayo, mawimbi na dhoruba unayoiona pale Kituku haifiki huko, gazi nyingi iko chini ya meta 260. Na kitu ambacho odio hazisemi: hata pale gazi imekolea zaidi, kama meta 320, maji yamebeba zaidi kidogo tu ya nusu ya kile presha ya pale inaweza kushika. Ili itoke lazima kitu kikubwa kiyasukume maji ya chini yapande mbali sana. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilikata mji katikati ikaingia ziwani yenyewe, moto mtupu, na gazi haikutoka. Mwambie mama watoto hiyo.

Hatari ipo, nisidanganye mtu. Magma nyingi ikitokea chini kabisa ya ziwa ni habari nyingine, njo maana mwaka 2021 wataalamu walikosa usingizi magma ilipofika chini ya maji. Na gazi inaendelea kuongezeka polepole. Lakini wenzetu wa Rwanda kule Karongi wanaivuta metane tangu miaka ya 2015 na 2016 wanapata umeme, megawati 26 hivi, kwa hiyo ile ile tunayoiogopa inachemsha chai ya watu.

IbandaFils
Ok hapo nimeelewa. Kumbe tetemeko la kawaida halina kazi na gazi ile. Nitamsomea leo usiku

KatindoMzalendo
Nimewasoma wote. Yaya umenishika kwenye mambo ya duara sikatai. Lakini bado, kwenye Ebola mlikuwa na siku kumi za kueleza. Kwenye volkano mwalimu mwenyewe amesema dakika 40. Huwezi kuweka beseni katikati ya njia ya Sake.

YayaKeshero
Njo maana beseni inawekwa sasa, mlima ukiwa umetulia. Ile siku yenyewe ni kukimbia tu, lakini mtu anakimbia vizuri kama alishaelewa zamani anakimbia nini na aende upande gani. Rangi za alerte (tahadhari ya volkano), kijani, njano, oranji, nyekundu, uliza jirani yako leo oranji inamtaka afanye nini. Ndugu yangu atakuambia hiyo ni rangi ya telefone.

KatindoMzalendo
😂😂 sawa hapo tunaweza kukutana. Ila mkiwaambia "hatujui" muwaambie pia mnachojua, kwa mpangilio huo huo, si mnaanza na hatujui. Mtu akisikia hatujui ya kwanza anafunga masikio.

SVT_Ndosho
Nakubali. Kwanza tunachokiona, pili tunakionaje, tatu ufanye nini, kisha ndiyo tusichokijua. Na dakika tatu za odio zisipitwe, mega za intaneti ni ghali.

Motari_Birere
Prof miye nataka ile ya buji niifanyie kwa parkingi yetu, tuko wengi na wale vijana wanabishaka sana. Iko hatari?

SVT_Ndosho
Hapana, gazi ya beseni moja haiwezi kumfanya mtu kitu, vinegre tu isiingie machoni. Fanyieni mahali pasipo upepo, nyuma ya ukuta, pepo ikipita inapeperusha gazi yote halafu vijana watakucheka. Vinegre nusu chupa ndogo inatosha, bikabonate usiifanyie ubahili. Na wabetie kwanza kabla ya kumwaga, usisahau hiyo.

Motari_Birere
Kubeti hakuna shida, shida nani analipa vinegre

Lushois243
Mwenye kupoteza kwa beti njo analipa